Njia ya Mkato ya Mama Mkwe

Simu ya msiba iliingia asubuhi, chai haijaiva. Kaka yake mama mkwe, ndugu pekee aliyekuwa amebaki kati ya waliozaliwa tumbo moja, alikuwa amefariki kijijini kwao, mbele ya Narung'ombe. Mazishi yalipangwa saa tisa alasiri siku hiyohiyo. Mama mkwe alikuwa nyumbani kwetu Nachingwea, amekuja kutoka Chinongwe alikoolewa ili kumsaidia mke wangu, aliyekuwa na mtoto wa wiki tatu. Hakulia. Aliingia chumbani, akatoka amejifunga kanga mbili, rozari mkononi, akaketi karibu na mlango akiitazama miguu yangu. Nikajua kwamba ni mimi nitakayempeleka.

Mke wangu alinivuta jikoni. "Mama ana presha," aliniambia. "Usimkimbize. Na usimbishie."

Hilo la pili halikuwa na haja ya kusemwa. Mimi ni mtu wa Singida, nililetwa kusini na kazi, na hata kwetu mkwe anaheshimiwa, lakini mwanamke yule nilikuwa namwogopa. Miaka minne ya ndoa sikuwahi kukaa naye chumba kimoja tukiwa wawili tu. Nikiingia, anahamisha kiti. Akitaka kuniambia jambo, anamwambia mke wangu nami nikiwa palepale nasikia. Sasa nilitakiwa kukaa naye ndani ya kigari kidogo cha kuazima, kutoka Nachingwea hadi mbele ya Ruangwa.

Njia sikuijua, ila hilo halikunisumbua. Mimi ni fundi wa maji wa halmashauri, na kwa miaka kadhaa simu ndiyo iliyokuwa ikinizungusha wilaya nzima. Kule Mtua niliweka alama kwenye ramani ya simu visima ambavyo hata wenyeji walikuwa wamevisahau. Nilijua pia kwamba ukishaipakua ramani mapema, kile kidoa cha buluu kinachoonesha ulipo hakihitaji mtandao. Kitakufuata hata porini. Basi nikapakua ramani ya upande wa Ruangwa, nikaibana simu mbele ya usukani, tukaondoka saa mbili asubuhi. Mama mkwe alikaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, mbali nami kadiri gari lilivyoruhusu.

Tulikwenda muda mrefu bila neno. Aliyekuwa akizungumza ni simu tu. Tulipoukaribia mji wa Ruangwa ikasema: "Baada ya mita mia mbili, pinda kulia."

"Huyo mwanamke ni nani?" mama mkwe aliuliza.

Nilishtuka kuulizwa mimi moja kwa moja. "Ni simu, mama. Inaonesha njia."

"Ni mtu wa wapi?"

"Si mtu, mama. Ni sauti tu imewekwa."

"Kwetu anakujuaje?"

Nikasema picha zimepigwa kutoka angani. Alisema kitu kwa Kimwera, taratibu, wala hakikuwa kwa ajili yangu.

Ruangwa tulinunua unga kilo ishirini na tano na chumvi ya msiba, tukaendelea. Saa nne ilikuwa haijafika. Simu ilisema tutafika baada ya saa moja na dakika kumi. Nilianza kupumua vizuri. Tungefika na muda wa kutosha, ningekaa na wanaume, yeye angekaa na wanawake, na kazi yangu ingekuwa imekwisha.

Mbele kidogo ya mji tukakuta njia ya udongo inachepuka kwenye mikorosho. Mama mkwe akagonga kiti changu kwa vidole.

"Baba, ingia hapa."

Nilipunguza mwendo. Simu ilisema nyoosha moja kwa moja.

"Mama, simu inasema barabara kubwa ndiyo..."

"Barabara kubwa inazunguka. Hata basi linazunguka. Hii inatokea kwetu kabisa. Nimepita hapa na mimba, tukienda kuuza ufuta." Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Nataka nimkute hawajafunga sanduku."

Ningemwambia nini? Ningesema kwamba mimi, mtu wa kuja, naijua njia ya kwao kuliko yeye? Nikakata kona. Simu ikaanza kulalamika: "Geuka nyuma. Ukipata nafasi, geuka nyuma." Ilirudia mara tatu. Kila iliposema nilihisi macho ya mama mkwe kisogoni, nikanyoosha mkono nikaizima ile sauti.

Mwanzoni njia ilikuwa nzuri. Mikorosho kushoto na kulia, baadaye mashamba ya mbaazi na mahindi. Ilikuwa Februari, mvua zimeshiba, nyasi zilisimama hadi usawa wa madirisha. Njia ikagawanyika. "Kushoto," alisema. Ikagawanyika tena. "Kushoto." Mara ya tatu alichelewa kujibu, kisha akasema kulia. Nikatazama simu. Mstari wa barabara kubwa ulikuwa umebaki nyuma mbali, na kidoa chetu cha buluu kilikuwa kinatembea peke yake kwenye weupe mtupu. Hapakuwa na jina la kijiji wala kijistari.

Mashamba yakaisha, tukaingia kwenye miti. Tulipita uwazi mmoja uliokuwa shamba. Mahindi yalikuwa yamelala chini yote, mengine yameng'olewa na mizizi, na katikati palikuwa na dungu la kulindia mazao, limeinama upande mmoja na nguzo yake moja imevunjika kama kijiti cha kibiriti. Njiani palikuwa na mafungu ya kinyesi, makubwa kama mabeseni.

"Tembo," mama mkwe alisema.

"Wa lini, mama?"

Alianza kuhesabu rozari. Nilitaka kugeuza, lakini pale pasingeweza kugeuza hata baiskeli. Nikaongeza mwendo nikitafuta uwazi. Nilikuwa natazama mbali, sikutazama karibu. Gurudumu la mbele likatumbukia kwenye korongo lililofichwa na nyasi, gari likainama kwa kishindo, injini ikazima.

Nilishuka nikatazama. Lilikuwa limekalia tumbo. Nilikata matawi, nikaweka mawe, nikasukuma hadi mikono ikachubuka. Gurudumu lilizunguka tu likirusha tope. Simu haikuwa na mtandao kabisa. Chaji ilikuwa asilimia ishirini na mbili, kwa sababu tundu la kuchajia la gari lilikuwa bovu, kama mwenye gari alivyonitahadharisha. Ilikuwa saa sita kasorobo.

Nilirudi dirishani kumuuliza kama kuna kijiji karibu. Alikuwa amekaa wima, mikono miwili juu ya kipochi, anatazama miti. Midomo ilikuwa mikavu.

"Baba," alisema, "hapa sipajui."

Nimewahi kushikwa na maji mtoni. Nimewahi kuamka usiku nikakuta nyoka kwenye buti langu. Sikumbuki kuogopa kama nilivyoogopa kusikia maneno yale. Hadi hapo nilikuwa naogopa nikiwa na mtu anayejua njia, hata kama anakosea kidogo. Sasa tulikuwa watu wawili, hakuna anayejua, na mmoja ana presha. Akilini nilimwona mke wangu ananiuliza: mama yuko wapi?

Nikaisogeza ramani kwa kidole, polepole, kila upande. Kaskazini, mbali na kidoa chetu, palikuwa na kijistari chembamba, njia ndogo inayounga kwenye barabara kubwa. Nikapima. Kilomita tatu na kidogo, kwa kunyoosha. Katikati hapakuoneshwa kitu chochote.

"Mama, wewe baki kwenye gari," nilisema. "Funga vioo. Mimi nitakwenda haraka, nilete watu."

"Siachwi."

"Kwenye gari ni salama kuliko kutembea."

"Siachwi kwenye bati."

Nilishikilia. Nilimweleza kuhusu presha yake, jua, nyasi na nyoka. Nilikuwa na haki, niliona hivyo. Mwanamke wa umri ule hatembezwi porini. Mara ya tatu nilipoanza kusema alifungua mlango, akashuka, akaanza kutembea kwa viatu vyake vya kanisani, upande usio sahihi. Nikamkimbilia. Tukaacha unga, chumvi, kila kitu, tukaingia kwenye miti.

Nilikuwa mbele, simu mkononi. Kutembea kwa kidoa si kama kuendesha. Ukisimama, mshale unazunguka kama mlevi. Lazima upige hatua ishirini ndipo ujue kama ulikuwa sahihi. Nilipunguza mwanga wa kioo kulinda chaji, na kwenye jua lile nilikuwa nalazimika kuisogeza simu puani ili nione. Nyuma yangu nilisikia punje za rozari na pumzi yake. Kila baada ya muda niligeuka kuhakikisha yupo.

Tulikuwa tumekwenda kama nusu saa tuliposikia tawi likivunjika. Si kijiti. Tawi zima, kama mlango uliopigwa teke. Tukasimama. Likavunjika jingine, karibu zaidi, na chini yake nikasikia mngurumo mzito ambao nilidhani ni radi, hadi nilipotambua kwamba mbingu ilikuwa nyeupe. Kisha harufu ikaja, kama zizi lililolowa mvua.

Palikuwa na kichuguu kikubwa kimeota vichaka. Nilimshika mkono mama mkwe, mara yangu ya kwanza kumgusa, tukajibanza nyuma ya kile kichuguu. Nikachungulia. Niliona sikio kwanza, kubwa, la kijivu, linapepea. Halafu mgongo. Halafu migongo mingine. Walikuwa sita au saba na mdogo mmoja katikati ya miguu yao, wanakula taratibu, hawana habari na mtu. Kutoka pale hadi kwetu hapakuzidi upana wa uwanja wa mpira.

Mama mkwe alikuwa anasali kwa kunong'ona. Nilimwekea kidole mdomoni kumwomba anyamaze. Akanyamaza. Niliusikia moyo wake, au ulikuwa wangu.

Na hapo ndipo simu ilipolia.

Sijui mtandao ulitokea wapi. Labda ni kile kichuguu, labda mwinuko. Ujumbe wa mke wangu uliingia kwa mlio mkali kama kengele: *Mmefika?* Kabla sijaunyamazisha ukaingia wa pili: *Mbona hampatikani?* Na wa tatu. Mimi niliyezima sauti ya njia sikukumbuka kuzima sauti ya ujumbe. Nikashindwa kupata kitufe. Wale tembo walikuwa wameacha kula. Mkubwa mmoja alitanua masikio yote mawili, akainua mkonga juu, ukawa unatafuta hewani kama mkono wa kipofu.

Mama mkwe akaninyang'anya simu. Aliisokomeza chini ya kanga, akaikalia. Mlio wa nne niliusikia mimi tu, tena kama unatoka ardhini.

Tulikaa vile. Mchwa walinipanda miguuni, sikuwagusa. Jasho lilikuwa linaniingia machoni, nikaliacha. Nilikuwa najiambia nikisikia hatua nitamsukuma mama mkwe ndani ya kichaka na mimi nitakimbia upande mwingine nikipiga kelele, wanifuate mimi. Sijui kama ningefanya. Nimejiuliza mara nyingi. Pengine ningekimbia tu.

Baada ya muda ambao siwezi kuupima, yule mkubwa alishusha mkonga, akageuka. Wengine wakamfuata, mdogo akikimbilia mbele. Walielekea kule tulikotoka sisi.

"Twende," nilisema. "Twende sasa hivi, mama."

Aliinuka haraka mno. Kiatu kikateleza kwenye udongo wa kichuguu, akaanguka ubavu, na nilisikia anameza kilio. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kimeteguka. Alijaribu kusimama, mguu ukakataa. Nikamgeuzia mgongo, nikachuchumaa.

"Panda, mama."

"Nipande wapi?"

"Mgongoni."

"Mkwe hapandwi," alisema.

"Mama, watarudi."

"Nitakaa hapa. Nenda ulete watu."

"Wewe ulikataa kuachwa kwenye gari, mimi nikuache hapa?" Nilisikia sauti yangu imepanda, nilikuwa namgombeza mama wa mke wangu. "Panda! Tafadhali panda!"

Alipanda. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, lakini si mwepesi. Nilihitaji mikono yote miwili kumshika, kwa hiyo simu ilibaki kwake. Nikamwelekeza kwa maneno mafupi: kuna kidoa cha buluu, ni sisi, juu yake kuna mstari, tunakwenda kwenye mstari. Kikikengeuka, niambie.

Akanyoosha mkono juu ya bega langu, kioo mbele ya macho yake. Hajui kusoma. Mwanzoni hakusema kitu, nikaogopa haoni. Kisha akaanza.

"Kadudu kamekwenda kushoto."

Nikarudi kulia.

"Sasa kamenyooka. Nenda. Nenda. Kamesimama."

"Ni mimi nimesimama, mama. Nimechoka."

"Basi pumzika kidogo."

Nilipumzika bila kumshusha, nikiegemea mti, maana nilijua nikimshusha sitaweza tena. Kila kitawi kilichovunjika chini ya kiatu changu kilinitia baridi. Nilitaka kugeuka nitazame nyuma na nilikuwa na mtu mgongoni. Kugeuka kwangu kulikuwa kunamgeuza yeye awe upande wa hatari. Nikamuuliza tu: "Nyuma kupo salama, mama?" Naye kila mara alijibu, "Kupo," upesi mno, hata nikajua hatazami.

"Kuna alama nyekundu imetokea hapa juu," alisema baadaye.

Chaji. Nilimwambia si kitu. Nikajaribu kukimbia.

Sikuweza kukimbia, lakini nilikwenda. Simu ilizima kabla ya kufika. Alisema tu, "Kamelala," na nikajua. Nilikazana kule nilikokuwa nimeelekea, nikiufuata mti mmoja baada ya mwingine ili nisipinde, na nadhani hizo ndizo dakika mbaya kuliko zote, mbaya hata kuliko za kichuguuni, kwa sababu tembo niliwaona, ila sasa sikuona kilichokuwa mbele wala nyuma. Mama mkwe alikuwa ameniwekea shavu kisogoni.

Kisha nikasikia pikipiki. Ikapita mbele yetu kushoto, haionekani, ikaondoka. Nilipiga kelele hadi koo likakauka. Tulipotokeza kwenye njia, mwenye pikipiki alikuwa ameshageuza. Ni mkulima wa kule Narung'ombe, amefunga debe la mbegu nyuma. Alitutazama, mwanamume aliyeloa jasho na mama mzima mgongoni, akavua kofia.

"Shikamoo, mama," alisema. Halafu kwangu: "Mmetoka wapi huko? Huko hakupitiki. Watu walishahama huko zamani, tembo wamechukua."

Tulifika msibani kwa pikipiki ile, tumebanana watatu, saa kumi ikiwa imepita. Watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini na majembe begani. Kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa na msalaba umesimamishwa. Mama mkwe alipelekwa akiwa ameshikiliwa pande mbili, akakaa kando ya kaburi, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti ambayo ilinifanya niende nyuma ya nyumba nikatapike.

Ndugu walipomuuliza kulikoni, alisema gari liliharibika. Nami nikasema hivyohivyo. Mwenye nyumba mmoja alinichajia simu, nikampigia mke wangu. Alilia, akafoka, akataka kuongea na mama yake. Nilisikia mama mkwe akimwambia: "Tumefika. Mumeo amenileta."

Siku ya pili asubuhi nilikwenda na wanaume sita, trekta dogo na kamba kulitoa lile gari. Tuliingia kwa upande wa mikorosho, wakiongea kwa sauti na kugonga debe. Mimi nilikuwa katikati yao.

Gari halikuwa mahali nilipoliacha. Lilikuwa limesukumwa kutoka korongoni, limelala upande kwenye mti. Buti lilikuwa limefunguliwa kama kopo la samaki, unga umetapakaa kwenye nyasi, mfuko wa chumvi umepasuliwa, hakuna hata punje. Ili kuufikia unga tembo walikuwa wameanzia nyuma. Paa la nyuma lilikuwa limeshuka hadi kwenye kiti. Mmoja wa wale wanaume aliinama akatazama ndani, akapiga mluzi.

"Nyuma hakukuwa na mtu?" aliuliza.

Nilisema hakukuwa na mtu. Nilikaa chini kwenye nyasi zenye unga. Nilikumbuka nilivyosimama dirishani nikimweleza, mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa upole na heshima zote, abaki pale na afunge vioo. Wale wanaume walifunga kamba, wakaniita nisaidie kuvuta. Nilisema nakuja. Ilinichukua muda kuinuka.

Niliporudi msibani jioni, mama mkwe alikuwa kwenye mkeka kati ya wanawake, mguu umefungwa kitambaa. Aliniona, akawaambia wanisogezee kigoda karibu naye. Nilikikalia, nikiwa nimeinamisha macho.

"Gari umelikuta?"

"Nimelikuta, mama."

"Zima?"

"Zima. Kioo kimoja tu kimevunjika."

Nilihisi ananitazama, si miguu, usoni.

"Kioo cha wapi?"

"Cha mbele," nilisema.